Sanduku Linabaki

Kwa karibu mwaka mzima Cessna yangu, ndege ndogo ya kwenye simuleta, ile programu ya kuigiza urubani kwenye kompyuta, ilikuwa haitaki kukaa chini. Naingia uwanja wa Arusha, pale Kisongo, kwa noti 65, kama kilomita 120 kwa saa, flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa, zimeshuka zote, nguvu nimeondoa, pua nimeinyanyua kidogo kabla ya kufika lami kama kitabu cha rubani kinavyoelekeza. Badala ya kugusa, ndege inaelea. Inaelea, inaelea, nusu ya njia imeshapita chini ya magurudumu, halafu inaishiwa ghafla na kudunda. Hewani nako ni hivyohivyo: ukigusa joistiki kidogo bawa limeshalala, upepo ukivuma ndege inarushwarushwa kama tiara.

Kazi yangu ni ufundi wa kompyuta, na nadhani hiyo ndiyo iliyonipoteza njia. Fundi akiona kitu hakiendi sawa, anafungua. Simuleta niliyokuwa natumia ni Microsoft Flight Simulator X, ile ya mwaka 2006, kwa kuwa ndiyo iliyokubali kukimbia kwenye mashine ya mtumba niliyoiunga mwenyewe dukani. Humo kila ndege ina folda yake, na ndani ya folda kuna faili la maandishi liitwalo aircraft.cfg. Ukilifungua unakuta ndege nzima imeandikwa kwa namba: upana wa mabawa, nguvu ya injini, mahali gurudumu la pua lilipo. Ipo pia sehemu ya uzito. Nilipoiona nikaamini nimepata mzizi wa tatizo. Ndege ni nyepesi mno, basi nitaipa uzito.

Nikaongeza uzito mtupu wa ndege kwa robo nzima, nikaruka. Kweli ikapanda kwa shida, na ikataka kasi zaidi ndipo iache ardhi, lakini ule wepesi wa kulala ubavu haukupungua hata kidogo. Nikahamia mistari mitatu inayofuata, ile ya ukinzani wa mzunguko: mmoja wa ndege kulala kushoto na kulia, mmoja wa pua kupanda na kushuka, mmoja wa pua kugeuka pembeni. Namba hizi hazisemi ndege ina kilo ngapi. Zinasema kilo hizo zimetawanyikaje. Mtu aliyebeba gunia mgongoni anageuka mara moja. Mpe uzito uleule kwenye mzega, ndoo moja kila ncha, utaona anavyochelewa kuanza kugeuka, na akishaanza anavyochelewa kusimama. Ndege yenye matangi ya mafuta ndani ya mabawa imebeba mzega.

Wakati ule sikuyajua haya. Nilizidisha namba zote tatu mara mbili, na Cessna ikawa kama dau lililojazwa mawe. Nikilaza bawa, linachelewa, nikilirudisha, linapitiliza, pua ikipanda inaendelea kupanda hata nikishaachia. Nikapunguza hiki, kikaharibika kile. Baada ya wiki tatu nilikuwa na nakala kumi na moja za faili lile na sikujua tena ipi ni ya asili. Ikabidi niiondoe programu yote niiweke upya. Nikawapakia tena abiria wangu wanne kama nilivyokuwa nimewapakia siku zote, kwa sababu nilikuwa nimeshasikia kwamba ndege tupu hairuki kama iliyopakiwa. Nikarudi Kisongo. Ikaelea tena.

Mjomba wangu alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanja hichohicho, upande wa kupakia ndege ndogo za watalii. Hakuwa rubani. Alikuwa mtu wa mzani: abiria na mizigo inapita kwake, anaandika, anampa rubani karatasi. Jioni moja alipita dukani kuchukua simu yake niliyokuwa nimemtengenezea, akanikuta ndiyo kwanza nimedunda.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hiyo imebeba nini?"

"Watu wanne. Nimewaweka mwenyewe."

"Kilo ngapi?"

"Sabini na tano kila mmoja."

Akavuta stuli. Akaniambia nimwonyeshe nilipoandika. Nikafungua dirisha la mafuta na mzigo: 75, 75, 75, 75, na tangi nusu. Akasogeza miwani, akaangalia ile herufi ndogo pembeni ya kisanduku, ambayo mimi sikuwahi kuiangalia.

"Mjomba, hizi si kilo. Hizi ni ratili."

Paundi, au ratili kama alivyozoea kuiita yeye, ni gramu 454. Paundi 75 ni kilo 34. Kwa mwaka mzima nilikuwa nawarusha watoto wanne wa shule ya msingi, mmoja wao ndiye rubani, huku naamini nimepakia watu wazima. Kilo 164 hazikuwepo. Kwa ndege ambayo uzito wake wa juu kabisa wa kuruka ni kilo 1,157, hiyo ni sehemu moja ya saba.

Tulipiga hesabu palepale nyuma ya risiti. Kasi ambayo mabawa yanaacha kubeba ndege haipungui sawasawa na uzito; inafuata kipeuo cha pili cha uzito huo. Uzito ukipungua kwa asilimia 14, kasi inayofaa ya kutua inapungua kwa kama asilimia 7 na nusu. Noti zangu 65 zilikuwa za ndege ya kilo 1,142 niliyodhani ninayo. Ile niliyokuwa nayo kweli, ya kilo 978, ilitakiwa kuingia kwa noti 60. Hizo noti tano za ziada ndizo zilizokuwa zikiila njia ya kurukia. Programu haikuwa na kosa. Joistiki haikuwa na kosa. Faili nililolifumua kwa wiki tatu halikuwa na kosa.

Nikabadilisha namba, 165 kila kiti. Nikazunguka Kisongo mara moja, nikaingia kwa noti 65 zilezile. Ndege ikakaa chini.

Baadaye nilisoma habari ya Boeing 767 iliyokuwa ikitoka Montreal kwenda Edmonton kupitia Ottawa, tarehe 23 Julai 1983. Canada ilikuwa inahamia kwenye kilo, na ile 767 ilikuwa miongoni mwa ndege mpya zilizopimwa kwa kilo. Vipimo vya mafuta havikuwa vinafanya kazi, kwa hiyo mafuta yalipimwa kwa kijiti tangini na kugeuzwa kuwa uzito kwa hesabu ya mkono. Zilitakiwa kilo 22,300. Waliokokotoa walitumia namba ya kugeuza lita kuwa paundi, na ndege ikaondoka na paundi 22,300, chini ya nusu ya ilichohitaji. Injini zote mbili zilizimika angani. Rubani Robert Pearson, aliyekuwa na uzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini, aliiteremsha kwenye uwanja wa zamani wa kijeshi wa Gimli, na watu wote 69 wakatoka hai. Nilipoisoma nilikumbuka kidole cha mjomba juu ya ile herufi ndogo. Tangu hapo, kila simuleta mpya ninayoigusa, iwe ya kulipia au FlightGear ya bure, kitu cha kwanza ninachotafuta ni kipimo kilichoandikwa kando ya kisanduku. Namba yenyewe inafuata.

Mjomba alianza kupita dukani mara kwa mara. Nilidhani nimeshamaliza somo la uzito. Yeye aliliona ndiyo kwanza linaanza.

"Kujua kilo ngapi ni nusu ya kazi," aliniambia. "Nusu nyingine ni kujua zimekaa wapi."

Alinieleza kuhusu Caravan, ile Cessna 208B yenye injini moja ya pangaboi ambayo wengi wetu tumeiona ikitua Kisongo au Zanzibar. Uzito wake wa juu wa kuruka ni paundi 8,750, karibu kilo 3,970. Inapopakiwa, chini ya mkia huwekwa nguzo fupi ya kuuzuia, kwa sababu wapakiaji wakijaza nyuma kabla ya mbele ndege inaweza kuinua pua na kukalia mkia wake. Ikiwa hilo linatokea imesimama, alisema, fikiri inapokuwa hewani ambako hakuna nguzo. Akaniambia pia habari ya ule mfuko laini wa kilo 15 unaotakiwa kwenye ndege za mbugani. Abiria wengi huona ni usumbufu. Mfuko laini unaingia kwenye sanduku la mizigo lililo chini ya tumbo la ndege na kujaza kila kona, na kilo 15 mara abiria kumi na wawili ni kilo 180, ambazo ni watu wawili na ushee. Aliwahi kumhamisha mtu kiti mbele ya mkewe na watoto wake, mtu akanuna safari nzima. "Angejua nilikuwa nampangia afike," alisema, na hapo sauti yake ilibadilika. Sikumuuliza zaidi.

Nikaenda kuifanyia kazi Cessna yangu, ile 172S, kwa macho hayo. Katika kitabu cha 172S, mahali pa kila mzigo panapimwa kwa inchi kutoka alama moja iliyo mbele, kwenye ukuta wa moto kati ya injini na chumba cha abiria. Viti vya mbele viko inchi 37, matangi 48, viti vya nyuma 73, sehemu ya kwanza ya mizigo 95. Unazidisha kila uzito kwa inchi zake, unajumlisha, unagawanya kwa uzito wote, unapata kitovu cha uzito. Ndege ikiwa na uzito wake wa juu, kitovu hicho kinaruhusiwa kuwa kati ya inchi 41 na 47.3. Huo ndio uwanja wote ulionao: inchi sita na kidogo, sentimita 16. Hata shubiri haifiki.

Hapa nitawaonya wanaofungua faili kama nilivyofanya mimi. Kitabu kinahesabu inchi, na kwenda nyuma ni kuongezeka. Faili la Flight Simulator X linahesabu futi, na kwenda mbele ndiko kuongezeka. Ukinakili namba bila kugeuza alama, abiria wa nyuma wanahamia mbele ya injini. Ndege itaruka, maana programu haikatai, lakini itakuwa na pua nzito kama jiwe na utakaa unavuta usukani mpaka mkono uume.

Nikajaribu jambo moja makusudi. Rubani peke yake mbele, kilo 60. Nyuma watu wawili wa kilo 80. Mizigo kilo 54, ambayo ndiyo mwisho unaoruhusiwa. Mafuta kidogo, kilo 40. Jumla ilikuwa kilo 1,084, yaani 73 chini ya kikomo, na mtu anayeangalia jumla peke yake angesema ndege hii iko salama. Kitovu cha uzito kikatoka inchi 47.7. Kimepita nyuma kwa nusu inchi isiyotimia, upana wa kidole.

Niliiondoa Arusha. Iliacha ardhi kabla sijaiambia. Nilisukuma usukani mbele, nikazungusha mbele trimu, kile kigurudumu cha kurekebisha pua, bado pua ilikuwa inatafuta kupanda. Nilipofika futi 8,000 nikapunguza nguvu nione mabawa yanaacha kubeba vipi. Kwa kawaida Cessna hii hushusha pua yenyewe na kujirudishia kasi, na ndiyo sababu imefundishia marubani wengi. Safari hii ilisita. Pua ikabaki juu, bawa la kushoto likaanguka, na nilipoteza zaidi ya futi elfu moja kabla ya kuirudisha. Ilikuwa kompyuta tu, dukani, na barabarani bodaboda zinapita. Hata hivyo nilizima mashine nikakaa kimya kwa muda, nikifikiria watu ambao hili limewatokea na chini yao kulikuwa na ardhi ya kweli.

Wapo. Tarehe 8 Januari 2003, Beechcraft 1900D ilianguka mara baada ya kuruka Charlotte, Marekani, na watu wote 21 waliokuwemo wakafa. Uchunguzi ulikuta mambo mawili yamekutana: kebo za elevata, kile kibao cha mkiani kinachopandisha na kushusha pua, zilikuwa zimefungwa vibaya kwenye matengenezo, hivyo rubani hakuweza kusukuma pua chini vya kutosha, na ndege ilikuwa nzito kuliko karatasi ilivyosema huku kitovu cha uzito kikiwa nyuma mno. Karatasi ilijazwa kwa uzito wa wastani wa abiria uliokubaliwa wakati ule, na watu halisi walikuwa wazito kuliko wastani huo. Baada ya hapo viwango vya Marekani vilipandishwa. Mjomba nilipomsimulia alitikisa kichwa tu. Yeye alikuwa anapandisha watu juu ya mzani, mmoja mmoja, hata wanaokasirika.

Wapo wanaobishana usiku kucha kwamba simuleta hii ina hisia za kweli na ile haina. Mimi sijawahi kuketi kwenye kiti cha rubani, kwa hiyo hisia si kipimo changu. Kipimo changu ni kitabu. Ninaipakia 172S mpaka kilo 1,157 kamili, na kitovu cha uzito ndani ya mipaka, nairusha kutoka usawa wa bahari, mathalani Dar es Salaam, naona kama inakaribia futi 730 kwa dakika ambazo kitabu kinaahidi, huku nikikumbuka kwamba joto la Dar litapunguza kidogo. Napanda juu, naondoa nguvu, flapu zimefungwa, naona kama mabawa yanaacha kubeba karibu na noti 48. Ikikubali hapo, naiamini. Isipokubali, hapo ndipo pa kuuliza habari ya faili. Kubishana juu ya hisia bila kwanza kusema umepakia nini ni kubishana juu ya ladha ya chai ambayo kila mtu ametia sukari yake.

Na kitabu hichohicho kilinifundisha jambo ambalo akili yangu ilikataa mwanzoni. Kwenye hewa yenye misukosuko kuna kasi ambayo hupaswi kuizidi unapousukuma usukani kwa nguvu. Kwa 172S iliyojaa, paundi 2,550, kasi hiyo ni noti 105. Kwa paundi 2,200 ni 98. Kwa 1,900 ni 90. Ndege nyepesi ndiyo inayotakiwa kwenda polepole zaidi. Nilidhani ni kosa la uchapaji. Kumbe upepo uleule unairusha ndege nyepesi kwa ukali kuliko nzito, kama wimbi linavyoinua mtumbwi mtupu na kuupita uliojaa. Hiyo ndiyo ilikuwa tiara yangu ya mwaka mzima.

Kwa ndege kubwa sitakaa sana, ila kuna tabia moja niliyokuwa nayo na naiona kwa wengi. Nilikuwa naijaza Boeing 737-800 matangi yote, kwa kudhani mafuta mengi ni usalama, tena nimewasha ile chaguo la mafuta yasiyoisha. Ndege tupu ni kama tani 41.4. Abiria 160 na mizigo yao, tani 15. Mafuta ya matangi kamili, karibu tani 21. Unaondoka Dar es Salaam na tani 77 na nusu, unakwenda Johannesburg, karibu kilomita 2,500, na kwa kuwa mafuta hayaishi unafika na tani 77 na nusu. Uzito wa juu wa kutua wa ndege hii ni tani 66.4. Hata ukizima chaguo hilo, utachoma kama tani nane na nusu njiani na bado utafika umezidi. Anayepakia mafuta ya safari na akiba yake anatua na tani 60 hivi, kwa noti 142 au karibu na hapo. Mimi nilikuwa nahitaji 160, halafu nashangaa breki.

Safari ninayoipenda kuliko zote tuliifanya Desemba. Mama yuko Tanga. Kila mwisho wa mwaka tunapanda basi, na mwaka ule nikamwambia mjomba, kabla hatujapanda basi twende kwanza kwa Cessna. Akataka ifanywe kweli. Mzani wa bafuni ukaletwa sebuleni. Mimi 82. Yeye 79. Mke wangu 70. Kaka yangu 88. Jumla 319. Ndege yangu tupu ni kilo 770.

"Mpaka hapo ni 1,089," mjomba akasema akiandika kwenye daftari. "Umebakiwa na 68. Ndani yake tia mafuta na mizigo."

Arusha hadi Tanga ni kama kilomita 330 kwa mstari ulionyooka. Nikahesabu lita 35 kwa saa, nikaongeza za kupanda na akiba ya dakika 45. Lita 86. Lita moja ya petroli ya ndege ni gramu 720, hivyo kilo 62. Zikabaki kilo sita. Mizigo ya watu wanne, sikukuu nzima, kilo sita.

Mke wangu alikuwa ameshafunga sanduku la zawadi za mama: mchele, vitenge, viatu. Tukalipima, kwa kuwa mjomba alisisitiza. Kilo 23.

"Punguza mafuta," kaka akasema. "Akiba ya nini, dakika 45 zote?"

Mjomba hata hakuinua kichwa. "Sanduku linabaki."

Nikajaza visanduku kwa paundi, kimoja kimoja, mjomba akisoma kutoka daftarini. Kitovu cha uzito kilikuja inchi 44.8, ndani ya mipaka. Uwanja wa Arusha uko futi 4,550 juu ya bahari, na nikaweka joto la saa nane mchana, nyuzi 27. Tuliondoka. Ndege niliyoizoea, ile iliyokuwa inaruka kama panzi, haikuwepo. Hii ilichukua lami na lami na lami, ikainuka taratibu, na ikapanda futi mia nne na kitu kwa dakika. Nilikuwa nimepanga kukata moja kwa moja juu ya Pare na Usambara. Nilipoiona Pare inakuja na sindano ya kimo inavyojivuta, nikajua ndege hii, siku hii, na watu hawa, haitavuka hapo kwa raha. Nikageuza pua kulia, tukafuata bonde: Same, kisha Mombo, kisha Korogwe, barabara ileile ya basi chini yetu, milima yote kushoto.

Mke wangu alikuwa amevuta kiti nyuma yetu. Akawa anataja vituo kabla havijaonekana, kama kondakta. Hakuna aliyekumbuka kula.

Tanga niliingia kwa noti 65, tukiwa na kama lita 23 tangini. Magurudumu yaligusa mwanzoni mwa njia na hayakudunda. Mjomba alichukua daftari, akaandika uzito wa kutua, akapiga mstari chini yake, akaliweka juu ya sanduku la kilo 23 lililokuwa bado mlangoni.

"Hili," akasema, "kesho linakwenda na basi."